Mtambo Hulipwa Kungoja, Kibarua Halipwi

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanachama wa tawi la Nakuru. Tumeichapa hapa kwa kuwa wengi waliokuwa zamu siku ile hawakuweza kufika.)



Katibu amenipa habari ya stima niizungumze. Ameniomba nisiseme kama fundi, kwa maana mafundi wakianza habari ya waya hawamalizi, na wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na macho ni mazito. Nitajaribu. Lakini mnivumilie kidogo, kwa sababu habari yenyewe inaanzia Olkaria na kumalizikia katika bahasha ya mshahara wako.

Mtu akisimama karibu na Hell's Gate usiku wa manane, akatazama upande wa Olkaria, ataona mvuke mweupe ukipanda juu. Sehemu yake ni mvuke uliokwisha kufanya kazi, unatoka katika minara ya kupozea. Lakini kuna usiku ambapo sehemu nyingine ni mvuke mzima, wenye nguvu zake zote, unafunguliwa uende zake angani kwa kuwa saa hizo hakuna wa kuununua. Kisima kimechimbwa kwa fedha za mkopo, watu wametoa jasho, na mali inapaa.

Sasa rudisheni saa nyuma, mpaka saa mbili za usiku ule ule. Akina mama wanapika, watoto wanasoma, vinyozi wana wateja, viwanda vingine bado vinazunguka. Saa hizo stima haitoshi. Katika mwaka 2024 na 2025 wakubwa wa umeme wenyewe walikiri mbele ya watu kwamba kuna sehemu, hasa upande wa Magharibi, zinazozimwa jioni ili nyingine zipate. Basi saa mbili tunanyimana, na saa nane za usiku tunamwaga. Mtu asiyejua atasema huu ni wazimu. Si wazimu, ila ni jambo linalotaka kuelezwa.

Mahindi yakizidi mkulima huyapeleka ghalani, akayauza mwezi wa njaa. Stima haina ghala la namna hiyo, isipokuwa betri kubwa ambazo bado ni ghali, na hapa kwetu ndiyo kwanza zinapangwa. Stima lazima itengenezwe dakika ile ile inayotumika. Mnaijua mashine ya posho. Mahindi mengi yakimwagwa ndani kwa pamoja, injini inalia na kulegea. Yakiisha ghafula, injini inapiga mbio. Mwenye mashine husimama na mkono kwenye mafuta, akiongeza na kupunguza. Gridi ya Kenya ni mashine moja ya posho iliyo kubwa kama nchi, na katika chumba cha kuongozea gridi wapo wafanya kazi usiku na mchana ambao mkono wao hautoki kwenye mafuta. Wakikosea, au wakikosa mtambo wa kuongeza upesi, inakuwa kama Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani usiku, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Stima ya upepo kutoka Turkana ilikatika ghafula, na hakukuwa na cha kujaza pengo kwa wakati. Wakubwa walibishana nani alianza. Giza lilirudi tena Novemba na tena Desemba mwaka ule ule.

Kwa hiyo kuwa na mitambo mingi hakutoshi. Kenya ina mitambo ya zaidi ya megawati 3,000, na katika mwaka 2025 kilele cha jioni kilipita megawati 2,300. Kwa hesabu ya mtoto wa shule tuna ziada. Lakini kila mtambo una tabia yake.

Maji ndiyo mepesi kupita yote. Gitaru, Kiambere, Kamburu, kule mto Tana, mlango ukifunguliwa stima inapanda kwa dakika chache, ukifungwa inashuka. Lakini maji yana mvua zake, na ukame ulioanza mwaka 2020 ulitufundisha tena somo hilo.

Mvuke wa ardhini, ambao ndio fahari yetu watu wa Bonde la Ufa, ni mwaminifu lakini hapendi kusumbuliwa. Visima vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa katika miaka ya 1950, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza mwaka 1981, na leo KenGen peke yake ina zaidi ya megawati 700 pale, mbali na kampuni ya kigeni iliyo jirani yake. Hapa juu yetu Menengai mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ulianza mwaka 2023. Mvuke haujui ukame wala giza. Lakini kisima si bomba la maji la kufungua na kufunga kila usiku; ukikibana kila mara unaweza kukiharibu. Ndiyo maana wakubwa huona heri mvuke uende hewani.

Upepo wa Turkana, mashine 365 za megawati 310, huvuma vizuri zaidi usiku, yaani saa ambazo sisi tumelala. Jua linafanya kazi mchana na kutuaga saa ile ile tunapoanza kupika. Mitambo ya mafuta, Athi River, Rabai na Muhoroni, inaweza kuwashwa jioni tukaokoka, lakini bei ya mafuta yake mnaiona katika tokeni. Stima ya Ethiopia nayo inaingia Suswa, hapo karibu tu, kwa waya mrefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Tulianza kuinunua Novemba 2022, kwa megawati 200.

Kinachotafutwa basi ni wepesi wa kupanda na kushuka. Na kila anapopatikana mwenye wepesi huo, au mwenye mtambo uliokaa tayari, anataka alipwe.

Hapo ndipo nilipokuwa nikienda. Mwenye mtambo anapofanya mapatano na kampuni ya kuuza stima, mara nyingi kwa miaka 20 au 25, mapatano yale yana malipo ya namna mbili. Ya kwanza ni ya yuniti alizouza. Ya pili ni malipo ya kuwa tayari. Mtambo ukizunguka analipwa, na mtambo ukikaa kimya mwezi mzima, mradi ni mzima na ungeweza kuzunguka, analipwa vile vile. Mimi nayaita malipo ya kungoja.

Wazee wa Relwe walio hapa hawatashangaa. Zamani za injini za moshi, katika shedi ya Nakuru injini iliweza kulazwa usiku na moto tumboni ili alfajiri iwe tayari. Haikuvuta behewa hata moja usiku kucha, lakini ilikula kuni na mafuta, na aliyekaa nayo kutunza moto alikuwa na mshahara wake. Kungoja ni kazi. Nalisema hili kwa sababu katika mikutano mingine nimesikia watu wakipiga kelele kwamba malipo haya ni wizi mtupu. Kama hakuna anayelipwa kungoja, siku ya ukame hakuna atakayekuwapo. Nani atajenga mtambo wa kukaa kimya miezi tisa kwa mapenzi?

Ugomvi wetu uko katika kiasi, na katika nani anachukua hasara. Mwezi Machi 2021 Rais Kenyatta aliunda kamati, chini ya Bwana John Ngumi, iyatazame mapatano haya. Kamati iliona kwamba kampuni za binafsi zilitoa karibu robo tu ya stima iliyonunuliwa, na zikachukua karibu nusu ya fedha zilizolipwa. Bei ikapunguzwa kwa asilimia 15 Januari 2022, kisha baadaye ikapanda tena, kama mnavyojua nyumbani kwenu. Mashine za Turkana zilikuwa zimesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kuleta stima Suswa haikuwa imekwisha mpaka 2018, na kwa muda ule wa kungoja nchi ilipaswa kulipa mabilioni ya shilingi. Mwenye mashine alikuwa amejilinda kwa karatasi, nasi hatukuwa na karatasi. Ndugu zetu wa Tanzania wana habari yao ya IPTL, mtambo wa Tegeta uliotokana na mapatano ya mwaka 1995; ubishi juu ya malipo hayo hayo ya kungoja ulifika mahakamani, fedha zikawekwa kando katika akaunti ya Benki Kuu, na mwaka 2014 jambo likatikisa Bunge zima.

Sasa tutazame upande wetu. Alfajiri, nje ya mlango wa kiwanda hapa Industrial Area, kuna watu wamesimama. Wametoka Kaptembwa, Bondeni, Rhonda, wengine kwa miguu. Wako tayari. Wana nguvu, wana ujuzi, wamekwisha kula chai. Saa mbili karani anatoka, anachukua kumi, na ishirini wanarudi nyumbani. Kesho tajiri akipata oda kubwa atahitaji wote thelathini, nao watakuwapo. Hiyo si akiba ya nguvu? Kiwanda kinapanda na kushuka kwa migongo ya watu wale ishirini. Mtambo wa Athi River ukikaa kimya hulipwa. Kibarua akikaa kimya analala njaa, na kesho anatakiwa awe tayari vile vile.

Nitawapa mfano mmoja wa maisha yangu, na kiwanda chenyewe sitakitaja. Stima ilikatika saa tatu asubuhi. Tuliambiwa tukae kwenye nyasi tusiende mbali, kwa maana ikirudi mashine lazima ziwashwe mara moja. Ilirudi saa nane. Mwisho wa mwezi kila mmoja akakuta saa tano zimekatwa. Tulipouliza, tukaambiwa hatukufanya kazi. Nikasema, mbona mlitukataza kwenda nyumbani? Karani akacheka, akasema hiyo ni habari ya wakubwa. Mwezi ule ule nilitumwa ofisini kutengeneza taa, nikaona bili ya stima mezani. Ndani yake kulikuwa na malipo ya kilele, yaani kiasi kinachohesabiwa kwa mzigo wa juu kabisa wa kiwanda katika mwezi. Tajiri alikuwa analipa nyaya na transfoma zimngoje, na alilipa bila kubisha.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wenzangu wanalijua. Kilele kile kinategemea mkono wa mfanya kazi. Baada ya stima kurudi, mota zote zikiwashwa kwa pamoja kilele kinaweza kuruka, na bili ya mwezi mzima ikapanda. Mtu mwenye busara akiziwasha moja moja, tajiri anaweza kuokoa fedha. Sijapata kusikia fundi aliyeongezwa hata shilingi mia kwa busara hiyo.

Ngojeni kwanza, nitafika kwenye zamu ya usiku.

Tangu Desemba 2017 viwanda na biashara kubwa zinaweza kupata stima ya usiku kwa nusu ya bei. Ni kutoka saa nne za usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi katika siku za kazi, na pia Jumamosi baada ya mchana, na Jumapili. Sharti ni kwamba kiwanda kipite kwanza kiwango chake cha kawaida cha matumizi. Kusudi ni kuwavuta matajiri watumie stima saa zile mvuke unapomwagwa. Mimi naona ni mpango mzuri, na nisingependa mtu atoke hapa akasema Chama kinaupinga. Heri mvuke uzungushe mashine Nakuru kuliko kupaa. Zamu ya usiku ikiongezwa, baadhi ya wale ishirini wa mlangoni watapata kazi.

Lakini tazameni nani anapata na nani anatoa. Nusu ya bei inaingia mfukoni mwa tajiri. Usingizi unatoka kwa mfanya kazi. Mama anayetoka zamu saa nane za usiku atafikaje Kaptembwa? Matatu hakuna, na bodaboda saa hizo anataka mara mbili, bila kusema habari ya hatari ya njiani. Mtoto analala na nani? Tena sikilizeni sheria yenyewe. Katika Amri ya Mishahara ya jumla, juma la kazi ya mchana lisizidi saa 52, na juma la kazi ya usiku lisizidi saa 60. Usiku, ambao ni mzito zaidi, umepewa saa nyingi zaidi! Aliyeiandika nadhani alikuwa na mlinzi kichwani, mtu anayekaa karibu na jiko lake la makaa, siyo mtu anayesimama mbele ya mashine usiku kucha. Sheria ile hutaja mwisho wa juu tu. Mapatano ya Chama na tajiri yanaweza kuweka saa chache, nasi hatuna budi kuziweka.

Na sisi nyumbani? Tokeni ya saa tisa za usiku ina bei ile ile ya saa mbili. Mama akiamka alfajiri kupiga pasi ili asiongeze mzigo wa jioni, hapati hata senti. Wenye magari na pikipiki za stima waliwekewa bei yao mwaka 2023, na usiku ni nusu yake. Nyumba ya kawaida haikuwekewa kitu. Basi wepesi wa tajiri unanunuliwa, wepesi wa mama wa Kivumbini unachukuliwa bure, na akikataa kuutoa anazimiwa.

Msifikiri jambo hili ni la Kenya tu. Uingereza walianzisha soko lenyewe la kungoja. Kila mwaka kuna mnada, wenye mitambo wanashindana nani atakubali bei ndogo zaidi ili awe tayari miaka ya mbele. Mnada wa kwanza ulifanywa Desemba 2014. Katika soko lile mtu anayeahidi kupunguza matumizi yake saa ya shida anaweza pia kulipwa, kwa maana megawati usiyoitumia ni sawa na megawati iliyotengenezwa. Lakini mtambo mpya uliweza kupewa mapatano ya mpaka miaka 15, na yule wa kupunguza akapewa mwaka mmoja. Kampuni moja, Tempus Energy, ikaenda mahakamani kulalamika, na Novemba 2018 mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba jambo halikuchunguzwa sawasawa. Soko zima likasimamishwa karibu mwaka. Lilirudishwa Oktoba 2019, na mwaka 2021 mahakama ya juu zaidi ikaitengua hukumu ile. Kwa hiyo Tempus mwishoni hawakushinda. Nimewaambia habari hii kwa sababu hata kule, kwenye mahakimu na vitabu, aliyejenga mtambo alipata karatasi ndefu na aliyejinyima akapata karatasi fupi. Hapa kwetu aliyejinyima hana karatasi kabisa.

Bwana Mwenyekiti, siwezi kutoka hapa bila kusema ninataka nini, maana najua mtaniuliza.

Nataka katika mazungumzo yajayo ya mapatano, pale tajiri anapohamisha zamu kwenda usiku, Chama kiombe kuionyeshwa bili ya stima ya kabla na ya baada. Ikiwa amepata nusu ya bei, sehemu ya nafuu ile ilipe posho ya usiku, usafiri wa kurudi mpaka mlangoni, na chakula cha moto. Atasema bili ni siri. Mishahara yetu si siri kwake. Tena saa ambazo stima imekatika na mfanya kazi ameambiwa asiondoke ni saa za kazi, zilipwe, na zisifidiwe kwa Jumapili. Juu ya hili sikubali mapatano ya nusu.

Na kibarua, hapa ndipo pagumu, nasema wazi. Hatuwezi kesho kumlazimisha tajiri awalipe watu wote wa mlangoni. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mpaka siku zake zikatimia mwezi, huyo si kibarua tena, ana haki ya mshahara wa mwezi na notisi. Matajiri wengine wanaijua sheria hii vizuri kuliko sisi, ndiyo maana mtu hupumzishwa siku ya ishirini na tano. Watu hao wakiwa na majina yao katika kitabu cha Chama, na siku zao zimeandikwa, tunaweza kusimama mahali. Bila kitabu ni maneno ya mdomo.

Kuhusu nyumba zetu, bei ya stima hupangwa upya kila baada ya miaka mitatu, na EPRA hukaribisha maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Matajiri hupeleka mawakili na hesabu zilizopigwa chapa. Tawi hili litapeleka barua kuomba bei ya usiku kwa nyumba ya kawaida, na safari hii tuwe na watu wa kukaa mkutanoni mpaka mwisho, wasiondoke baada ya chai.

Karani wa tawi ana karatasi za kuandikia. Kila mmoja wenu anayefanya zamu ya usiku aandike saa ya kuingia, saa ya kutoka, alivyofika nyumbani na alilipa ngapi, na kila mara stima ilipokatika aandike alikaa wapi na aliambiwa nini. Vibarua pia wapewe, hata kama hawajalipa ada. Zirudishwe kwa karani kabla ya mwisho wa mwezi, na asiyeweza kuandika amwambie mwenzake amwandikie.